Gari Jeupe lenye Namba za Utah

"Kwa nini hukumwambia ni wewe?"

Nilimuuliza hivyo Mzee Orrin nikiwa darasa la tano, sisi wawili tumekaa ndani ya gari la kukodi kando ya barabara ya changarawe, hita inatupulizia miguuni. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na gari limesimama. Alisema tu, "Funga mkanda," na mkanda wangu ulikuwa umefungwa tangu tulipotoka mjini.

Orrin Haskew alikuwa jirani yetu hapa kwenye mji wetu mdogo wa Cody. Kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na uzio wa mbao ambao upepo uliuangusha kila mwaka, na kila mwaka aliusimamisha bila kuita mtu amsaidie. Alikuwa mrefu, miguu imepinda kidogo kwa sababu ya farasi, na nusu ya kidole gumba cha mkono wa kulia haikuwepo. Mkewe, Lorene, alifariki kabla mimi sijazaliwa. Hawakujaliwa watoto. Mama akipika supu ya maharage na nyama siku za Jumapili, alinituma nimpelekee bakuli pamoja na mkate mtamu wa mdalasini, na mimi nilipenda kutumwa kule kwa sababu hakuna aliyeniambia nifunge mdomo.

"Wewe Maris," alikuwa akiniambia, "una maswali kama mbwa wa ranchi alivyo na viroboto. Haya, kaa, jikune."

Nikakaa, nikauliza. Alijibu karibu yote. Kwa nini ng'ombe hugeuzia upepo makalio. Kwa nini mto wetu unanuka mayai yaliyooza. Kidole gumba kilikwenda wapi. (Kilinaswa kati ya kamba na tandiko siku alipokuwa akikamata ndama na kaka yake, walikitafuta kwenye vumbi, mbwa akawatangulia.)

Miezi ya kiangazi alifanya kazi kwenye uwanja wa rodeo, ambako kila jioni vijana huwapanda mafahali na kuangushwa mbele ya watalii. Yeye alikuwa mfungua lango. Watalii walimpenda kuliko mafahali. Kofia yake pana, masharubu, ile miguu: walimpiga picha kutwa nzima hata akiwa anakula. Siku moja mama mmoja alimwambia, "Babu, simama hivyohivyo, usicheke. Unaonekana mtu halisi kabisa." Akasimama. Yule mama alipoondoka, Mzee Orrin akanigeukia. "Sasa jana nilikuwa nani?"

Mji wetu unaishi kwa hilo. Tunauza mambo ya zamani: maduka yana milango ya kubembea, hoteli ina vichwa vya nyati ukutani, na Julai watu huchapana risasi za uongo barabarani kisha maiti wanainuka na kupitisha kofia. Wanaokuja kutazama hufika kwa ndege, wanakodi gari, wanazunguka mji siku moja, halafu wanaenda kuendesha kwenye barabara za milimani zenye mandhari. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiwapa magari hayo, kwenye kaunta ya pale uwanja wa ndege.

Na kila Oktoba, watalii wakishaondoka, Mzee Orrin alikuja kwenye kaunta ya Mama na kukodi gari kama wao.

Jambo hili lilinisumbua. Alikuwa na pikapu yake ya kahawia, nzima, matairi mapya. Nilimuuliza Mama mara nyingi kabla hajakubali kuniambia, na aliponiambia alikuwa anakunja nguo, hakunitazama.

Hapa kwetu, ukishatoka mjini na kukutana na gari, unainua kidole. Si mkono. Ni kidole kimoja, cha shahada, kinanyanyuka juu ya usukani na kiganja hakiachii. Unamwinulia unayemjua na usiyemjua. Hata mtu unayemshuku kuwa ndama wako yuko zizini kwake, unamwinulia, halafu ndipo unakwenda polisi. Kumnyima mtu kidole ni kumwambia kwamba amekufa, na kwamba wewe hukwenda mazikoni.

Mzee Orrin alikuwa na kaka yake mkubwa, Dell, aliyebaki kwenye ranchi ya baba yao kule bonde la South Fork, ambako barabara inaishia mlimani. Baba alipofariki waligawana: Dell akapata ardhi ya chini kando ya mto, Orrin akapata malisho ya juu. Waliendelea kufuga pamoja kama kawaida, maana ng'ombe hawajui urithi. Halafu Lorene akaugua figo. Ikabidi apelekwe hospitali ya mji wa Billings kusafishwa damu kila mara, safari ya kutwa kwenda na kurudi, na wakati wa theluji ni zaidi ya kutwa. Orrin akauza malisho ya juu kwa mtu wa mbali, akanunua nyumba mjini ili mkewe awe karibu na barabara kuu. Dell alikuwa amemwomba auze chochote, auze hata farasi, asiuze majani. Mwenye kununua akajenga uzio na kufunga lango kwa mnyororo. Ng'ombe wa Dell wakakosa pa kwenda wakati wa kiangazi, naye akawapunguza, akawapunguza tena.

Lorene hakupona. Dell alikuja mazikoni, akasimama mbali na kofia mkononi, akaondoka bila kumpa mdogo wake mkono.

"Dell anamwinulia kidole kila mtu," Mama alisema. "Watalii. Mpima ardhi. Mtu wa kodi. Lakini ikitokea pikapu ya Orrin, mikono yake inashuka chini ya usukani na macho mbele. Kule bondeni gari la mtu linajulikana kabla halijamaliza kona. Basi Orrin anakodi gari lenye namba za jimbo jingine. Anapanda kule, anakutana na Dell, Dell anamwona mgeni, anamwinulia kidole. Orrin anarudi nyumbani."

"Mama, huko si kudanganya?"

"Huko ni kukodi gari," Mama alisema, akaendelea kukunja.

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na watu wa bonde walilima mpaka majembe yakachakaa. Hakuna aliyejaribu tena kuwapatanisha. Mchungaji alijaribu, Dell akamwuliza kama anataka kununua ng'ombe. Mke wa Dell alijaribu mpaka alipofariki naye.

Mwaka ule nikiwa darasa la tano, tangazo lilibandikwa kwenye duka la chakula cha mifugo: mnada wa vifaa vya ranchi, mali ya Delbert Haskew. Mapafu yalikuwa yamemshinda. Alikuwa anahamia Nebraska kwa binti yake kabla theluji haijafunga njia. Mama alilisoma, akanunua alichofuata, akatoka. Garini akasema, kama anajisemea, "Akipata kidole chake mwaka huu, ndicho cha mwisho."

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa kazini na mimi sikuwa na pa kubaki. Ndivyo nilivyokuwepo kwenye kaunta Mzee Orrin alipoingia, kofia yake pana kichwani, akiwa amenyoa masharubu. Sikuwahi kumwona bila masharubu. Alionekana kama amevuliwa shati.

"Janelle," alimwambia Mama, "umebaki na nini?"

"La bluu la Colorado. Na hili jeupe la Utah."

"Lipi linaonekana la mtu asiyejua aendako?"

"La Utah. Aliyelirudisha aligonga nguzo ya bendera."

"Nipe hilo." Akanitazama. "Na huyu mwenye viroboto?"

"Nilikuwa nataka nikuombe ubaki naye, lakini kama unakwenda..."

"Aje. Mtalii mzee peke yake anatia shaka. Mwenye mtoto ni babu tu."

Aliacha kofia yake juu ya kaunta. Kwenye duka la zawadi la pale pale uwanjani alinunua kepu ya njano yenye picha ya dubu akicheka, na miwani ya jua mikubwa. Akavaa vyote viwili, akasimama mbele ya Mama.

Mama aliuma mdomo. "Orrin, unaonekana mwalimu mstaafu wa kwaya."

"Vizuri. Hao hawanyimwi kidole."

Hatukwenda bondeni moja kwa moja. Alisema mtu hawezi kuamka tu akawa mgeni, lazima ajizoeze. Kwa hiyo tuliuzunguka mji wetu wenyewe kama tumeshuka na ndege. Alisimamisha gari mahali pabaya, akatembea polepole katikati ya njia, akasoma vibao vyote kwa sauti. Kwenye sanamu ya mpanda farasi alimwomba mpita njia atupige picha. Tulikwenda pia mahali walipokusanya nyumba za magogo za zamani, ambapo siku hizo walikuwa wanajiandaa kufunga kwa msimu wa baridi. Mlinzi alikuwa msichana wa kazi ya muda, mwenyeji wa Ohio, amevaa gauni refu la kizamani na juu yake koti la kisasa la baridi.

Ndani ya banda moja kulikuwa na sleji ya mbao ya kubebea nyasi kavu juu ya theluji. Imezungushiwa kamba, na kibao: USIGUSE. Mzee Orrin alivuka kamba, akapitisha mkono kwenye ubao wa mbele.

"Babu, tafadhali," msichana aliita. "Hivyo ni vitu vya kale."

"Samahani. Nililala juu ya kimoja kama hiki kila asubuhi, kaka yangu akiendesha."

"Wageni wote husema hivyo," msichana alisema kwa upole, akamshika mkono kumsaidia kurudi upande wetu.

Tulipoingia garini akasema, "Ameniita mgeni. Tuko tayari."

Kabla ya South Fork alikuwa na desturi ya kupanda kwanza barabara ya kaskazini, ile yenye kona kali hadi juu kabisa, ambako watalii hushuka na kushangaa. Mwaka huo mawingu yalikuwa yamekaa chini, tukaona nusu ya milima na nusu tukaikisia. Watu wengine wawili walikuwa pale, wakitetemeka, wakisema, "Ajabu! Ajabu!" Mzee Orrin naye alijaribu. "Ajabu," alisema. Kisha akaninong'oneza, "Kila mwaka najaribu kutazama kitu kwa uzuri wake tu. Siwezi. Naona majani mabovu na mahali pa kuvunjia mguu farasi."

Tulikula mikate yetu garini. Hakumaliza wake. Alinipa, akafuta mikono kwenye suruali, akawasha gari kuelekea bondeni.

Barabara ya South Fork inaanza na lami kisha inakuwa changarawe. Upepo ulikuwa unasukuma gari letu pembeni, na vichaka vya kijivu vililala upande mmoja vyote. Hakukuwa na mtu. Tulipita nyumba moja kubwa mpya, madirisha yamefungwa kwa mbao kusubiri Julai. Tulipita zizi tupu. Mzee Orrin aliendesha polepole sana, na kadiri tulivyozidi kwenda ndivyo alivyozidi kuinama mbele.

"Na kama hatoki leo?" niliuliza.

"Atatoka. Jumamosi hupeleka nyasi."

"Na kama amekwisha kuacha kupeleka?"

Akapangusa kioo cha mbele kwa mkono wa koti. Nikaona nimeuliza vibaya, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi.

Tulifika karibu na mwisho wa barabara, tukageuza, tukarudi polepole, tukageuza tena. Mara ya pili ndipo taa moja ya gari ikatokea mbele yetu. Moja, kwa sababu nyingine haikuwaka. Pikapu ya kijani, marobota ya nyasi nyuma, mbwa juu ya marobota.

"Ndiye," alisema Mzee Orrin, kwa sauti ndogo.

Pikapu ikakaribia. Nilimwona mzee mwenye kofia pana, amekonda, kidevu kimenyanyuka ili aone juu ya usukani. Akatuona. Na kidole chake kikanyanyuka, kimoja, bila haraka, kama alivyowanyanyulia maelfu.

Hapo ndipo Mzee Orrin alipokosea. Watalii hapa hupunga mkono mzima kama wanafuta kioo, au hawafanyi chochote. Miaka yote yeye alikuwa akijizuia kuinua kidole. Siku ile kidole chake cha shahada kilinyanyuka chenyewe, kifupi, kiganja kimetulia juu ya usukani, kama mtu aliyezaliwa bonde lile.

Pikapu ilipita. Nikageuka kutazama nyuma. Taa zake nyekundu zikawaka.

"Amesimama," nilisema.

"Usitazame."

"Anarudi nyuma. Mzee Orrin, anarudi kinyumenyume."

Angeweza kukanyaga mafuta tukaondoka. Mguu wake niliuona ukinyanyuka, halafu ukashuka kwenye breki. Pikapu ikaja ikasimama sambamba nasi, dirisha kwa dirisha. Yule mzee akashuka. Ilimchukua muda, alishika mlango, akapumua, akaja, akagonga kioo chetu kwa kifundo cha kidole. Mzee Orrin akateremsha kioo, na upepo ukaingia wote.

"Mmepotea?" aliuliza Dell.

"Hapana, bwana. Tunatazama tu."

"Mnatazama nini? Hapa hamna kitu."

"Milima."

"Milima mnaiona hata mkiwa hotelini." Aliinama. Macho yake yalipita kwenye dubu anayecheka, yakapita kwenye miwani na ile midomo isiyo na masharubu, yakashuka mpaka kwenye usukani. Yakatua kwenye kile kidole gumba kilichokatika. Yalikaa pale muda mrefu. Mbwa alishuka kwenye marobota, akaja akanusa tairi letu.

Nilidhani sasa atapiga kelele. Au atageuka aondoke.

"Kepu nzuri," alisema Dell.

"Ahsante, bwana."

"Mmetoka wapi?"

"Utah."

"Utah sehemu gani?"

Mzee Orrin hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Kusini."

"Kusini ya Utah ni mawe mekundu matupu."

"Ndiyo maana tumekuja kuona ya kijivu."

Dell alitoa pumzi puani, kitu ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa kicheko, kisha ikambidi akohoe, akashika paa la gari letu mpaka kikohozi kikaisha. Mzee Orrin alinyanyua mkono kutoka kwenye usukani, akaurudisha.

"Na huyu?"

"Mjukuu wangu."

"Una mjukuu," alisema Dell. Hakuuliza, alisema. Akanitazama. "Jina lako nani, binti?"

"Maris."

"Babu yako anaendesha vizuri, Maris?"

"Polepole."

"Tangu zamani ali..." Akakatiza. Akapangusa mdomo. "Watu wa Utah huendesha polepole."

Mzee Orrin alielekeza kidevu juu, kwenye mteremko ambako majani yalikuwa marefu na ya njano, yameanza kulala. "Bwana, yale malisho kule juu ni ya nani?"

Nilimtazama. Hata mimi nilijua ni yapi.

"Ya mtu wa mbali," Dell alijibu. "Huja Julai, anapiga picha, anaondoka."

"Yanapendeza."

"Yalipendeza zaidi yalipokuwa yanaliwa."

Wakatazama huko wote wawili. Upepo ulikuwa unapitisha vumbi kati yao, na hakuna aliyefumba macho.

"Aliyeyauza," alisema Mzee Orrin, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayetembea juu ya barafu, "alikuwa na sababu?"

Dell aliokota unyasi kwenye mkono wa koti lake, akauangalia, akautupa.

"Mkewe alikuwa mgonjwa," alisema. "Mwanamke mwema. Mkono wake wa mkate ulikuwa hatari. Mbwa wangu wa wakati ule alihama nyumbani akaenda kuishi kwao, akawa anakuja kunisalimia tu." Akapumua. "Siku ya kumzika nilikwenda. Nilikuwa na neno la kusema na sikulisema. Nilipanda gari nikaondoka."

"Lilikuwa neno gani?"

"Wewe ni mtu wa Utah, bwana. Halikuhusu."

"Kweli," alisema Mzee Orrin. "Halinihusu."

Wakaendelea. Dell alimweleza mtalii yule jinsi mto unavyohama mkondo kila masika, na mahali baba yake alipojenga daraja likachukuliwa, akajenga tena likachukuliwa. Mtalii akauliza daraja lilikuwa la mbao gani. Akauliza majira ya baridi hapa yana ukali gani. Aliuliza mambo ambayo anayajua kuliko jina lake, na kila jibu alilisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesimuliwa. Mimi kwa mara ya kwanza maishani nilikosa swali.

Mwishowe Dell alitazama mawingu. "Theluji inashuka. Geuzeni hapahapa, msiende juu. Mkifika barabara kuu pindeni kulia, mtaona taa za mji. Hamtapotea."

Alikuwa anamwelekeza njia ya mji ambao wote wawili waliujua tangu utotoni.

"Ahsante, bwana. Nawe ubaki salama."

"Sibaki. Wiki ijayo nahamia Nebraska kwa binti yangu. Tambarare, wanasema. Unaona mbwa wako akikimbia siku tatu."

"Nebraska wana majani mazuri."

"Wana mahindi," alisema Dell kwa dharau. Alipiga paa la gari letu kwa kiganja, mara mbili, kama unavyopiga ubavu wa farasi unapomruhusu kuondoka. Akapanda pikapu yake, mbwa akaruka juu ya marobota, wakaenda.

Ndipo nilipouliza lile swali, na ndipo aliponiambia nifunge mkanda.

Njiani theluji ilianza. Alivua kepu, akaiweka juu ya magoti yangu. Alivua miwani. Mama alipotuona tukiingia, alimtazama Mzee Orrin usoni, akauliza kwa upole, "Umekipata?" Yeye akachukua kofia yake kwenye kaunta, akasema, "Nimekipata," akaenda zake.

Mama alipokuwa akifunga ofisi nilimsimulia yote. Alikaa chini. "Walizungumza?" alisema. "Kwa muda wote huo? Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu. Akanikumbatia, ingawa si mimi niliyehitaji.

Dell alihama. Mnada ulifanyika bila yeye na bila Mzee Orrin. Watu wa bonde walinunua majembe na matandiko, na mtu mmoja mwenye duka la mapambo akanunua sleji ya Dell. Kabla ya masika mapafu ya Dell yakamaliza kazi yao, akafariki kule Nebraska. Mzee Orrin alipata habari kwenye duka la chakula cha mifugo, kutoka kwa kijana wa kaunta aliyedhani anampa pole tu, hakujua anampa habari. Alikuwa amebeba gunia la chumvi ya ng'ombe begani. Aliliweka chini taratibu, akalipia, akalibeba tena. Hakuwa na mifugo, sijui chumvi ile ilikuwa ya nini. Mama alisema huenda alitaka tu kubeba kitu.

Hakukodi gari tena. Oktoba ilipofika Mama alimwekea moja la Idaho, bila kumwambia, akamngoja. Hakuja. Masharubu yaliota upya, meupe kuliko ya mwanzo. Alifungua lango la mafahali miaka mingine michache, watalii wakampiga picha, na alipoanza kusahau kurudi nyuma baada ya kulifungua, walimwambia apumzike. Mwaka juzi aliteleza kwenye barafu mlangoni pake, nyonga ikavunjika, na tangu hapo anaishi kwenye nyumba ya wazee karibu na hospitali. Uzio wetu umelala chini tangu wakati huo.

Mimi sasa namaliza shule. Humpitia jioni baada ya masomo, si kila siku. Kuna siku naahirisha kwa sababu ya harufu ya ile korido, na kuna siku hanitambui vizuri, ananiita Lorene, namwacha aniite. Sikuwahi kumuuliza tena. Nilikuwa nimejifunza kwamba maswali mengine ukiyarudia unamkanyaga mtu.

Jumanne iliyopita nilimkuta ameketi kitandani, hajagusa chakula. Kijana wa zamu alikuwa amemwekea televisheni kwa sauti kubwa. Nikaizima. Nikamchanganyia viazi na mchuzi, nikampa kijiko. Alikula kidogo, akaweka kijiko chini, akanitazama kwa macho yaliyonitambua kabisa.

"Maris," alisema. "Uliniuliza kwa nini sikumwambia."

"Ndiyo, Mzee Orrin."

"Ningemwambia, Dell angelazimika kunyamaza. Na mimi nilikuwa bado sijashiba sauti yake."